Kasichana Ndani ya Jicho

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna sare ya shule iliyotoka kwenye cherehani yake bila pindo pana la kufumuliwa mwaka unaofuata. Wazazi walimpenda kwa hilo. Watoto hawakumpenda hata kidogo, maana walivalishwa magauni mapana kama mapazia wakaambiwa watayajaza. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, kando ya dirisha, na mdomo alikuwa nao: mteja aliyekuja kulalamika aliondoka anacheka, na malalamiko yake akaondoka nayo.

Kumwona mtu kama huyo kwenye darasa la jioni la Kiingereza la watu wazima, amebana kalamu kama sindano, kilikuwa kichekesho. Lakini alikuwa na sababu. Mwanawe alihamia ng'ambo, akaoa huko, akapata binti aliyekua bila hata neno moja la Kiswahili. Kwenye simu bibi na mjukuu walipungiana mikono tu, kisha mtoto akakimbilia michezo yake. Mwana aliposema kwamba likizo hii atamleta, kwa mara ya kwanza, Mama Pindo alikosa usingizi kwa furaha, halafu akaukosa kwa hofu. Mtoto aje, akae, aondoke, na wao wametazamana tu kama mabubu? Akaenda kujiandikisha.

Mwalimu wao alikuwa kijana mpole mwenye ugonjwa wa kuchimba maneno. Jioni moja aliandika ubaoni pupil.

"Maana yake?"

"Mwanafunzi," wakajibu wote.

"Na nyingine?" mwalimu akauliza. Akagusa chini ya jicho lake. "Mboni. Hapa katikati, penye weusi."

"Mwalimu, mwanafunzi na jicho wapi na wapi?" Mama Pindo akauliza, na darasa likacheka.

Mwalimu akaeleza kwamba neno limetoka Kilatini, ambako lilikuwa na maana ya msichana mdogo, na pia ya mwanasesere. Yatima aliyewekwa chini ya mlezi naye aliitwa hivyo hivyo, na kwa njia hiyo likamfikia mwanafunzi. Kuhusu jicho, alisema, msogelee mtu mpaka pua zenu zikaribie kugusana. Utajiona umo ndani ya mboni yake, umekuwa mdogo kama mwanasesere.

Mama Pindo hakuwa na utani tena jioni ile. Neno lilimwingia. Alijiona kabisa amempakata mjukuu dirishani, anamwambia kwa Kiingereza: tazama, wewe umo humu, siku zote ulikuwa humu. Akishasema hilo, mengine yasiposemeka basi. Alizirudia sentensi hizo akishona, akipika, akioga, mpaka jirani akamuuliza anaongea na nani.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba macho yenyewe yalikuwa yanamtoroka. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, yote mawili, na afadhali apasuliwe mapema.

"Mjukuu wangu anakuja, daktari. Anikute nimefungwa bandeji kama mwizi aliyekula kipigo?"

"Bandeji hukai nayo sana, mama. Ukizidi kungoja, ule weupe unazidi kukomaa."

"Wakishaondoka nitakuja."

Akajitia hamnazo, akaendelea kushona kwa mazoea. Nyuzi zake zilikaa kwenye ubao wa misumari ukutani, kila rangi na msumari wake, na mkono ulijua njia. Tatizo lilianzia kwenye usafi. Alipofagia chumba kwa ajili ya wageni aliushusha ule ubao, akaufuta vumbi, akaurudisha juu chini bila kugundua. Kisha akaketi kumshonea mjukuu gauni, la bluu iliyokoza, kola imekaa sawasawa, mshono umenyooka. Pindo akaliacha pana kuliko yote aliyowahi kuacha.

Wakafika. Mwana alikuwa amepunguza likizo. Walikuwa wanapita tu, kesho yake safari, na jioni hiyo hiyo gari lingewafuata kuwapeleka hotelini. Mama Pindo alimeza hilo kama dawa chungu, akaleta gauni. Mwana akalishika, akaligeuza, akauma ulimi. Mtoto alivaa, akazungukazunguka, kisha akamuuliza baba yake kwa Kiingereza kwa nini nyuzi ni nyekundu.

"Anasema limempendeza," mwana akasema.

Lakini Mama Pindo alikuwa amelisikia neno lenyewe. Rangi ndizo walizoanza nazo darasani. Nyekundu aliijua. Aliupitisha mkono kwenye mshono mzuri asiouona, aibu ikampanda mpaka masikioni, lakini akapiga moyo konde. Gauni si kitu, alijiambia. Akamvuta mtoto, akampakata dirishani, akasema zile sentensi zake pole pole, bila kukosea hata moja.

Mtoto alielewa. Uso wake ukachangamka, akashika mashavu ya bibi yake kwa mikono miwili, akasogeza pua mpaka karibu kabisa. Akatazama jicho la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Mama Pindo naye alikuwa anamtafuta mtoto, akaona ukungu wenye umbo la kichwa. Hatimaye mtoto akasema neno lake kwa upole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Mwana akakohoa. "Anasema amejiona, mama."

"Nimemsikia, mwanangu. Amesema hamna mtu humo. Amesema ni weupe mtupu."

Kiingereza chote alichojifunza kilimtosha kuelewa hayo. Moyo ulimuuma, na hakujaribu kuuficha uso wake. Aliinama, akakunjua ncha ya gauni, akamwonyesha mwanawe kitambaa kilichofichwa ndani. Neno la pindo darasani hawakulifikia.

"Mwambie nimeacha nafasi kubwa. Akirudi nitalifumua, hata akiwa mrefu kama wewe. Na macho nitakuwa nimeshapasuliwa, atajiona."

"Nitamwambia, mama."

Mtoto alimwangalia baba, akangoja atafsiriwe. Mama Pindo naye akatega sikio, maana sasa angeweza kuyatambua maneno yakipita. Mwana akatazama saa, akasema kwa Kiingereza kwamba gari limefika.