Kipindi cha mama mkwe ndani ya friji karibu kinimalizie ndoa

Wakuu, salamu kutoka huku kwa majani chai. Haya nimeyaona kwa macho yangu na bibi yangu, yaani mke wangu, ni shahidi. Kiswahili changu ni cha sokoni, mnivumilie.

Mwaka wa 1984 nilikuwa na miaka kumi na mbili. Baba akafariki. Nikatoka darasa la nne, nikafunga kikapu mgongoni na kuanza kuchuma chai ya watu.

Kufika 1996 nilikuwa na hoteli ndogo ya chai sokoni Chepilat, bibi, na mtoto mmoja. Kilichokuwa kinavuta wateja ni TV ya black and white. Ilitumia betri ya gari, na kuchaji ilikuwa mpaka Sotik.

Jumapili saa kumi kulikuwa na comedy moja ya ng'ambo. Mama mkwe wa mtu amekufa, halafu roho yake inakuja kuishi ndani ya friji ya mkwewe. Yeye na uchawi wake. Mkwe akikosa kitu anafungua friji, mama anamtengenezea.

Nitasema ukweli, ilikuwa kazi mbovu.

Wiki hii mama anapita kwa ukuta, wiki ijayo anashindwa kutoka kwa sababu mlango wa friji umefungwa. Kuna watu hawaonekani wanacheka kabla mtu hajasema kitu. Na shida zote zinaisha kwa nusu saa bila mtu kutoa jasho. Mimi nimelima. Hakuna shida ya namna hiyo.

Lakini watu walijaa, na mimi niliuza chai.

Sasa elewa hii. Kwetu, na pia kwa majirani wetu Wakisii, mama mkwe ni heshima ya kuogopwa. Humwiti jina. Hamli meza moja. Ukimwona njiani unampisha.

Huyo wa TV alikuwa anamwita mama mkwe jina lake, tena amevaa nguo ya kulala.

Jumapili ya tatu mvua ikanyesha. Kwa TV jamaa akafungua friji, akampaka mama siagi kwenye paji la uso. Hoteli ikavunjika kwa kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kugeuka, mama mkwe wangu amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka kanisani, akakimbilia pahali pa kujikinga. Aliangalia TV. Akaniangalia. Akarudi kwa mvua.

Kesho yake bibi alifunga mtoto mgongoni.

"Naenda kwetu. Ukijua ulikuwa unacheka nini, utakuja useme."

Nilikaa siku nne nikipika mandazi ya kuungua. Halafu nikamwendea Mzee Ondari, Mkisii wa kuuza ndizi, mtu wa maneno laini, twende pamoja.

"Nikusemee nini," akaniuliza, "na mimi pia nilicheka?"

Tulienda hivyo hivyo. Sisi tukakaa nje, mama mkwe akabaki jikoni, tunaongea ukuta ukiwa katikati.

"Huyo mama wa sanduku lenu la picha," akasema, "alikufa na nini?"

"Hawajasema, mama."

"Alizikwa wapi?"

"Hawajaonyesha."

"Nani alimlilia?"

"Hakuna, mama," akajibu Ondari.

"Mtu hajazikwa, hajaliliwa, na nyinyi mnacheka. Siku watamzika, njoo uchukue bibi yako."

Wakuu, hapo ndipo nilijua kasoro kubwa ya hicho kipindi. Walitaka kicheko cha mama aliyekufa bila kumpa hata matanga. Mama hajaenda shule hata siku moja, na aliona kile sisi wote hatukuona.

Nikaanza kukiangalia kama mtu anayengoja barua. Sicheki tena, nangoja jeneza tu. Jumapili mbili, hakuna.

Ya tatu nikawasha, nikapata mpira. Ya nne, mpira. Kipindi kimetolewa, hakuna hata kwaheri.

Nilikimbia mpaka kwa ule ukuta.

"Mama, wamemtoa."

"Wamemzika?"

"Hapana. Wameweka mpira."

Nikamsikia akisukuma kuni motoni.

"Basi wameona aibu," akasema. "Hiyo inatosha. Mama, funga mtoto, bwana yako amekuja."

"Mama" hapo ni bibi yangu. Ondari aliposikia alinipa mkungu mzima wa ndizi.

Funzo: kabla hujacheka mbele ya watu, jua ni mama ya nani anachekwa. Na wewe unayetengeneza vipindi, mtu akifa, mzike kwanza.

Kama kuna mwenye kipindi kilimletea balaa nyumbani, aseme hapa. Wa kunitukana pia aseme, nimezoea.

Leo nina ekari tatu za chai, ng'ombe watano wa maziwa, nyumba ya mawe, pikap moja, vyumba vinne vya kukodisha Chepilat, watoto sita wote wamenishinda masomo. Bibi ni yule yule.