Kitasa Kilichofunguka kwa Kofi

Niliandika sentensi moja tu kumhusu dereva, na sentensi hiyo ilikuwa na kasoro ambayo ningemkosoa nayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: ilichukua mambo mawili yanayotokea pamoja, ikadai kwamba moja limezaa jingine. Kosa hilo nilikuwa nimefundishwa kulikwepa. Nililifanya hata hivyo, na aliyeadhibiwa si mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nikichunguza matope ya magadi ya Ziwa Nakuru kwa ajili ya shahada ya uzamili, na mradi wetu ulikuwa umepewa gari ambalo watu wa mjini walisimama kulitazama: nyumba nzima juu ya magurudumu, yenye vitanda viwili, jiko la gesi, na meza niliyoigeuza kuwa maabara. Mlango wa ubavuni ulikuwa na kitasa cha umeme. Dereva alibonyeza swichi kando ya usukani, koili ya sumaku iliyofichwa ndani ya mlango ikavuta komeo, mlango ukafunguka. Tundu la ufunguo halikuwapo. Waliolitengeneza gari hilo huko ng'ambo waliuamini umeme kuliko sisi tulivyouamini.

Dereva alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mwana wa mfanyakazi wa reli, mwenye umri wa kunizaa. Nilimwita mzee, yeye aliniita daktari, kwa utani, maana alijua udaktari wenyewe ulikuwa bado mbali. Aliishi mtaa wa Rhonda na mkewe katika chumba kimoja. Alikuwa kazini kwa majaribio. Mwisho wa muhula profesa aliyeuongoza mradi angeamua kama ataandikwa kazi ya kudumu, na kazi ya kudumu ilikuja na nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa Section 58. Mkewe alikuwa amekwenda kuitazama kwa nje. Dereva aliniambia kwamba mkewe alirudi akizungumzia dirisha la jikoni, na hakuzungumzia kingine juma zima.

Kitasa kilianza kugoma wakati wa mvua za masika. Swichi ilibonyezwa, ndani ya mlango kukasikika mlio hafifu, kisha kimya. Dereva alishuka, akazunguka, akaupiga mlango kofi moja chini ya mpini, akarudi kubonyeza. Ukafunguka. Alifanya hivyo bila hasira, kama mtu anayempiga ng'ombe kofi la mgongo ili asogee.

Mimi nilichunguza kwa utaratibu. Nilipima betri, ikawa nzima. Nilibadilisha fyuzi, kisha swichi, kimoja baada ya kingine, nikisubiri siku tatu kati ya badiliko moja na jingine ili matokeo yasichanganyike. Hatimaye nilichora jedwali: siku, hali ya hewa, aliyeendesha, kitasa kimefunguka au kimegoma. Baada ya majuma matano jedwali lilinionyesha kwamba karibu kila siku kilipogoma, dereva alikuwa kazini. Jumapili, yeye akiwa kanisani nami nikiwa ndani ya gari na karatasi zangu, kilifunguka bila shida. Nililitazama jedwali lile kwa furaha ambayo leo inanitia haya. Sikufikiria kuongeza safu moja zaidi, ya kuonyesha siku tulizokwenda ziwani.

Kisha walikuja wageni wa profesa. Walisimama juani na suti zao, mlango ukakataa, dereva akaupiga kofi, ukafunguka, mgeni mmoja akacheka. Profesa hakucheka. Jioni hiyo aliliomba daftari la gari, na kabla ya kumpelekea niliandika chini ya jedwali: "Inaelekea kitasa kimelegezwa na dereva, ambaye ana mazoea ya kuupiga mlango." Nakumbuka kwamba nilifuta neno "yamkini" nikaweka "inaelekea", kwa kuona kuwa ndivyo uadilifu wa kitaaluma unavyotaka.

Siku nne baadaye dereva aliambiwa kwamba majaribio yake yamekwisha na hataandikwa. Alinikabidhi funguo za gari mwenyewe. Alisema klachi inataka kukanyagwa hadi chini, na kwamba breki zinavuta kidogo kushoto ukiteremka. Kuhusu mlango hakusema lolote, nami nilikichukua kimya hicho kuwa ushahidi.

Dereva mpya hakuugusa mlango ila kwa mpini. Katika juma lake la pili kitasa kilikufa kabisa.

Tulilipeleka gari kwa fundi mmoja Singasinga, mzee wa kilemba mwenye gereji nyuma ya maduka ya mjini. Hakushika chombo chochote. Alikaa kwenye ngazi ya gari na kikombe chake cha chai, akaniuliza tunabeba nini. Nilimtajia vifaa vyote, kwa majina yake kamili.

"Hapana hiyo," alisema. "Mimi nauliza, hapa ndani kitu gani iko na maji?"

Nilimwonyesha kulabu niliyoifunga mwenyewe juu ya mlango, nilikotundika ndoo za matope kila tulipotoka ziwani, ili zisimwagikie karatasi zangu. Aliitazama kulabu, akatazama chini yake, kisha akaweka kikombe na kuchukua bisibisi. Alipoubandua ubao wa ndani wa mlango, tuliona mahali maji ya ndoo yalipopitia. Waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari ulikuwa umefungwa kwa bolti moja, na bolti hiyo ilikuwa imevaa ukoko mweupe. Aliukwangua kwa ukucha, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Magadi. Na wewe ndiyo nasomea hii?"

Vijana wake wa gereji walicheka. Alisugua bolti kwa msasa, akaikaza, akapaka grisi, nacho kitasa kikafunguka mara kumi mfululizo. Ndipo alipoiona rangi iliyofifia chini ya mpini, pana kiasi cha kiganja, akauliza nani alikuwa akipiga pale. Nilipomwambia ni dereva wa kwanza, alitikisa kichwa. Alieleza kwamba kofi hilo ndilo lililotikisa bolti chuma kikagusana na chuma, na kwamba bila hilo mlango ungekufa mapema zaidi.

"Huyo alikuwa nasikia gari. Aliacha kazi, au aliachishwa?"

Nilisema aliachishwa. Hakuuliza kwa nini, nami nikashukuru, jambo ambalo bado ninalijutia.

Nilikwenda kwa profesa siku iyo hiyo na kumweleza yote. Alisikiliza kwa adabu, akasema nirekebishe daftari. Dereva mpya alikuwa ameshatia sahihi, na nyumba ilikuwa na mtu.

Jumamosi nilikwenda Rhonda. Nilimkuta dereva wa kwanza mlangoni akifunga godoro kwa kamba. Kiwanda kimoja cha mbao huko Elburgon kilikuwa kinatafuta dereva wa lori. Nilieleza, kwa maneno mengi mno, habari za bolti, ndoo na jedwali. Alisubiri nimalize.

"Ile siku ulikuwa unaandika, uliniuliza?"

"Hapana, mzee."

"Ungeuliza ningekuambia. Tukitoka ziwani ndiyo inashika. Mimi nilidhani unajua, daktari. Wewe ndiye ulikuwa na kitabu."

Mkewe alileta chai na kurudi ndani bila kuketi. Nilimuuliza dereva ninaloweza kufanya. Alisema kule Elburgon wanataka barua ya mtu aliyemjua kazini, basi nikaketi juu ya sanduku nikaandika: kwamba ni mwangalifu, kwamba halewi, na kwamba kuhusu kitasa cha mlango hakuwa na hatia yoyote, kosa lilikuwa langu. Sentensi hiyo ya mwisho niliijenga kwa uangalifu kuliko yoyote niliyowahi kuandika. Aliniomba nimsomee. Nilipofika hapo aliinua mkono.

"Hiyo toa. Wataanza kuuliza, mlango gani?"

Nilitaka kuikata kwa mstari tu. Alisema hapana, hata mstari watataka kujua umefuta nini. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika barua upya, fupi, isiyo na mlango wala mimi. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati, akaniomba nishike upande wa pili wa godoro.