Begi la Bibi Harusi Lilivyoingia Msibani

Nichekeni sasa hivi tumalizane, maana aibu hii imeshanizoea, na hadi leo kila nikitia mguu Ikwiriri lazima atokee mtu aniulize, "Bwana harusi, leo umepitia msiba gani?"

Ilikuwa siku ya ndoa yangu mwenyewe. Ndugu zangu walitangulia Ikwiriri, kwao bibi harusi, jana yake, mimi nikatoka kwetu Maparoni alfajiri kwa boti, nikashuka, nikapanda pikipiki mpaka Kibiti, peke yangu na begi jekundu la magurudumu lenye vitu vya bibi harusi: doti za kanga, marashi, hina, viatu virefu, na nguo nyingine alizonunua dada yangu ambazo sikuthubutu hata kuziangalia. (Nililibeba mwenyewe kwa sababu sikumwamini mtu. Naam, mimi huyu.) Kwetu begi hilo halifunguliwi mpaka somo wa bibi harusi, yule kungwi aliyemfunda, alifungue yeye mbele ya wanawake, na Bi Mwanahawa, somo wa Zuhura wangu, alishanionya kwenye simu, "Likifika limefunguliwa, geuza nalo."

Basi Kibiti mvua ikaanza. Gari la Ikwiriri lilikuwa bado linasubiri abiria, na mwenye akili angekaa standi akatulia, lakini mimi nikajiambia, kwetu mvua ikinyesha ni tope mpaka magotini, leo niko mjini, kuna lami, acha nifaidi! Nikanywa chai ya tangawizi na chapati mbili, nikatoka kutembea kwenye manyunyu, begi linabingirika nyuma yangu, natabasamu peke yangu, nikakunja kona hii, nikakunja ile, mara mvua ikamwagika kwelikweli na standi siioni tena. Mbele ya nyumba moja nikaona turubai, wanaume wamekaa kwenye mikeka, wali unanukia. Nikasema afadhali, hapa pana shughuli, nikajibanza pembeni.

Mzee mmoja akanisogelea. "Watoka wapi, mwanangu?"

"Maparoni, mzee. Shikamoo."

Hakuitikia hata hiyo shikamoo. "Jamani, Maparoni wamefika!" akapaza sauti, akanikumbatia, akaanza kulia. Wanaume wakainuka kunipa mikono mmoja mmoja, ndani wanawake wakaangua kilio, na mimi nimesimama katikati sielewi lolote, nikashtukia nami machozi yananitoka. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mwenye nyumba alizikwa jana yake, asili yake Maparoni, na walikuwa wakiwasubiri ndugu zake wa huko ambao walikuwa hawajafika. Sasa niambieni, mzee wa watu anakulilia begani, unaanzaje kumwambia umekuja kujikinga mvua?

Nilipopata akili ya kutazama nyuma, begi halipo.

"Usijali, limepelekwa ndani," akasema yule mzee. "Umelowa mno, Bi Tatu anakutolea nguo kavu."

Niliruka kama nimekanyaga kaa la moto. "Wasilifungue!" Nikakimbilia mlangoni, wakanidaka wawili. "Tulia, baba. Mjane yuko eda humo, mwanamume haingii." Nikarudi nyuma, nikasogea tena, nikarudi, na Zuhura wangu naye anasubiri.

Mlango ukafunguka. Bi Tatu, ajuza wa watu, macho mekundu kwa kulia, akatoa mkono nje. "Mwanangu, humu giza, nimepapasa tu begini, msuli wako wa kujifunga ndio huu?"

Lilikuwa gauni la kulalia la lesi.

Turubai zima likageuka kulitazama. Nikasema, "Mimi ni bwana harusi," halafu nikaona haitoshi, nikaongeza, "si wa hapa." Mtu mmoja akajifunika kofia usoni, mabega yanamtikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini Bi Tatu, nilipomweleza onyo la somo, alirudisha kila kitu begini, akajitanda kanga, akasema begi amelifungua yeye na atalisemea yeye. Tukapanda gari pamoja, yeye ameacha msiba wake kwa ajili yangu.

Ikwiriri shehe wa kutuozesha alikuwa ameshachoka kusubiri. Bi Mwanahawa akashika zipu, akaangalia kanga zilivyokunjwa ovyo. "Nani kalifungua?"

"Mimi, mwenzangu," akasema Bi Tatu. "Kijana kaja kwetu kalowa, nikamtafutia nguo. Hakijavaliwa kitu. Tuna msiba, na huyu hata hatumjui, katulilia kama ndugu. Mwozesheni."

Bi Mwanahawa akalifunga begi. Kisha akamshika Bi Tatu mkono. "Pole, dada. Pita ndani ule." Akanigeukia. "Na wewe kamwone shehe. Lakini kwanza nijibu: ulikuwa unamlilia nani?"

Nikakimbilia kwa shehe, nikaoa kabla hajaniuliza tena. Tangu siku hiyo mvua ikinikuta safarini nakaa standi juu ya begi langu, na mtu akiniuliza natoka wapi, namuuliza kwanza yeye kwao kuna nini.