Beseni la Baba Siku Jua Lilipopatwa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, jua lilipopatwa mchana kweupe, nasi watoto tumelizunguka beseni la maji uani kwetu Makongeni. Juzi uliponiletea dawa hapa nyumbani kwangu Kimbo ulisema simu zinatangaza kwamba mwezi utalifunika jua tena, na kwamba wewe na wenzako mmepanga kwenda kutazama. Nilinyamaza. Nyinyi vijana mnadhani mzee akinyamaza hajasikia. Nilisikia, nikakosa raha, ndiyo maana leo nimekuomba ukae.

Baba yetu alikuwa akipaka mashine mafuta katika kiwanda cha nguo hapo Thika. Alikuwa mwangalifu mpaka akakera watu. Hata chai yako aliionja kwanza, asije mtoto akaungua ulimi. Dada yangu mkubwa, Wambui, alikuwa amemaliza shule, na Baba alikuwa amembembeleza msimamizi wake mwaka mzima ampatie kazi kwenye mashine za kufuma. Wiki iliyofuata angeanza. Nyumba nzima ilikuwa inangoja mshahara ule, kwa sababu kifua cha Baba kilikuwa kimeanza kushindwa na vumbi la pamba.

Siku ile majirani wengine walikimbilia kanisani wakisema dunia inaisha. Baba aliwacheka. Alituambia ni mwezi tu unapita kati yetu na jua, kama vile wewe ukisimama mbele ya taa kivuli chako kinaangukia kitabu cha mwenzako. Na alisema kweli, mwanangu, hata mwalimu wako hatakwambia tofauti. Shida ya Baba ni kwamba kweli yake ilikuwa nusu, na mtu mwenye nusu haoni sababu ya kuuliza. Waliosema kuuliza si ujinga walikuwa wameona mengi.

Akajaza beseni maji, akatia bluu ile ya kufulia mashati meupe mpaka maji yakawa meusi, akaliweka pale jua lilipoangukia. Akatuonya kwa ukali.

"Mtu asiangalie juu. Angalieni kwa maji. Maji inapoza jua."

Si yeye peke yake. Plot nyingi Makongeni, zile nyua za nyumba za kupanga, zilikuwa na beseni nje siku ile, na waliotoa mabeseni ndio walioonekana kuwa na akili. Tuliinama. Mwanzo jua lilionekana zima ndani ya maji, halafu likaanza kumegwa upande mmoja kama chapati. Kuku wakaanza kuingia kibandani mwao. Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Nilitazama kidogo nikachoka, nikagusa beseni kwa mguu, maji yakatikisika. Baba alinifukuza pale nisimharibie Wambui. Yeye alikuwa amepiga magoti, ametulia kabisa, macho hayabanduki. Alilitazama lile jua mpaka likabaki wembamba wa ukucha, akaendelea kulitazama lilipokuwa likirudi. Baba alisimama nyuma yake amefurahi, ameweka mkono begani pake.

Hakusikia uchungu wowote. Jioni alisema tu kuna doa katikati ya kila kitu anachotazama. Baba akamwambia alale, litaisha.

Halikuisha. Kiwandani walimweka kwenye mashine afunge nyuzi zinapokatika. Alisikia mashine imesimama, akajua uzi umekatika, lakini kila alipotazama pale penyewe mkono wake ulipolenga hapakuwa na kitu, ni ukungu tu. Pembeni aliona vizuri, hata mdudu ukutani. Mbele yake ndipo palipokuwa pamekufa. Kabla wiki haijaisha alirudishwa nyumbani, na Baba ndiye aliyeitwa aje amchukue, mbele ya wenzake.

Daktari wa macho alituelezea taratibu. Jua likipatwa hupungua mwangaza, kwa hiyo jicho husahau kujifumba kama linavyofanya siku zote. Lakini ule ukingo unaobaki unaunguza vilevile. Maji hayaupozi mwanga, yanaurudisha kama kioo. Na ndani ya jicho, pale panapoona, hakuna mahali pa kusikia uchungu. Mtu anaungua huku anatabasamu. Kisha akauliza nani alimruhusu mtoto kukaa muda mrefu namna ile. Baba alijibu ni yeye, na tangu hapo sikumsikia tena akicheka mtu.

Akili nyingi huondoa maarifa, lakini sikusemi vibaya, Baba, huko ulikolala. Ulitupenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ulitupenda sana.

Mwisho wake nauweka hapa, mwanangu, uujue. Kifua kilipomwangusha kitandani, aliomba Wambui akae mbele yake. Sasa Wambui, akitaka kuuona uso wako, ni lazima apeleke macho kando, kwenye sikio lako au kwenye ukuta, ndipo akupate. Akakaa, akayageuzia macho yake ukutani ili amwone baba yake. Baba akaniita, akaninong'oneza.

"Hajanisamehe. Hata uso wangu hataki kuona."

Nilimweleza. Wambui mwenyewe alimshika mkono, akamwambia, "Baba, nakuona. Nikikuangalia moja kwa moja ndio unapotea." Baba aliitikia kwa kichwa, vile unavyomwitikia mtoto anayekudanganya ili usilie. Siku chache baadaye tulimzika. Wambui hajawahi kuniuliza kama Baba alimwamini.

Basi sikia, mwanangu. Sikukatazi kuona ajabu ya Mungu. Nenda, lakini lipe jua mgongo. Toboa karatasi ngumu tundu dogo la sindano, uache mwanga upite uangukie chini, utaliona jua likimegwa hapo kwenye udongo. Au simama chini ya mti wowote wenye majani, utaona vijua vidogo vimetapakaa ardhini. Ukitaka kulitazama lenyewe, uwe na miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na umwulize anayejua kama ni ya kweli. Miwani ya kuuzwa barabarani Githurai si hiyo. Beseni nalo halifai. Na katika mambo mengine ya maisha, usiamini kwamba kisichouma hakidhuru, wala usidhani aliyekuonyesha njia kwa upendo hawezi kukupoteza. Muulize hata anayekupenda. Muulize yeye zaidi.

Mungu akulindie macho yako, uzeeke nayo. Na siku yangu ikifika, mwanangu, ukae mbele yangu unitazame moja kwa moja.