Hapo Wamekata

Mtoto wa shangazi yangu alikufa mara tatu kwenye filamu kabla hajafa kweli. Mara ya kwanza alipigwa risasi akitoka benki na begi la fedha. Mara ya pili alinyweshwa sumu na mke wa bosi wake. Mara ya tatu alitumbukia na gari korongoni, ingawa gari lenyewe hatukuliona likitumbukia. Tuliona tairi, tukaona uso wake umetoa macho, tukasikia kishindo, kisha tukamwona amelala kwenye nyasi. Hakuwa mwigizaji mkubwa. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na lile kovu la utotoni juu ya jicho likawafaa watu wa filamu. Walimwita kila walipohitaji jambazi wa kuuawa mapema.

Shangazi aliishi mtaa wa Bagara, kwenye nyumba yenye kishamba cha mahindi na mbaazi nyuma. Alikuwa mjane, na huyo ndiye mtoto pekee aliyejaliwa. Runinga ya sebuleni alinunuliwa na mwanawe, na jioni majirani walikuja kuitazama. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa dukani, ng'ambo ya barabara, na kigoda chake mkononi.

"Mama Jambazi, umeshindaje?"

"Jambazi ni mumeo, anayepima sukari kwa kopo lililobonyea."

Siku ile ya risasi shangazi alipiga yowe nyumba nzima ikanyamaza. Mara simu yake ikaita. Mwanawe alikuwa anajua saa ya filamu, akasubiri afe, ndipo akapiga.

"Mama, mimi mzima. Nimekula pilau ya watu wa filamu mpaka nimeshiba."

"Mbona ulikuwa hupumui?"

"Nilijikaza."

"Jikaze tena uone nitakavyokufanya."

Ikawa desturi yao. Anakufa, mama analia, simu inaita. Shangazi alijua simu itaita, lakini machozi hayakusubiri. Safari ya sumu mtandao ulisumbua, simu ikachelewa, na mama wa dukani aliniambia kwamba shangazi alikaa na simu mapajani mpaka ilipoita.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja Arusha, nikisomea utengenezaji wa filamu. Mwalimu alitueleza jambo moja ambalo nililipenda tangu nilipolisikia. Alisema filamu haimpi mtazamaji hadithi. Inampa vipande, naye mtazamaji anaviunganisha mwenyewe kichwani. Na kwa kuwa ameviunganisha mwenyewe, anaamini kuliko mtu aliyeambiwa. Nilimfikiria shangazi palepale, nikaona likizo nitamweleza, labda litampunguzia machozi.

Nilimkuta anachambua maharage, mama wa dukani amekaa mlangoni.

"Shangazi," nikasema, "leo nitakufanya umzabe kofi jirani yako."

"Ajaribu," akasema mama wa dukani. "Ameshindwa kuniweza kwa mdomo, ataniweza kwa mkono?"

Nikatoa simu. Kwanza nilimrekodi shangazi peke yake akirusha mkono hewani, kama anayefukuza nzi. Kisha nikamwambia mama wa dukani ageuze kichwa ghafla na kushika shavu. Mwisho nikapiga viganja vyangu, nikachukua sauti tu. Nikaviunganisha vipande hivyo, nikawaonyesha. Shangazi alijiona anamzaba mwenzake kofi la haja. Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mama wa dukani hakucheka mara moja. Alishika shavu lake tena.

"Linauma," akasema. "Wallahi linauma."

Ndipo nikaeleza polepole. Pale kipande kimoja kinapoishia na kingine kuanza, sisi tunasema wamekata. Ukiona mkono unarushwa, halafu wakakata, ukaona shavu, hujaona kofi. Kofi umelitengeneza wewe. Ukiona uso wa mtu, halafu wakakata, ukaona mkono wenye damu, huwezi kujua kama mkono ni wa mtu yule. Kitu unachoweza kukiamini zaidi kidogo ni kile ambacho kamera imekaa nacho bila kukata.

"Na maiti?" akauliza shangazi.

"Maiti ndiyo rahisi kuliko vyote. Mtu aliye hai hawezi kuzuia pumzi muda mrefu. Wewe angalia kifua. Kabla kifua hakijapanda watakata, wakuonyeshe mtu mwingine analia. Wakikata upesi, ujue huyo anapumua."

Alibaki na punje ya harage kati ya vidole. Nilimjua shangazi. Jambo likimwingia haliondoki.

Filamu ya korongo ilipoonyeshwa nilikuwa pale. Mwanawe amelala kwenye nyasi, damu mdomoni, majirani wameshika vinywa. Shangazi alisogea mpaka karibu na kioo, macho yake kwenye kifua cha yule maiti. Picha ikaruka kwa mwanamke anayelia.

"Hapo wamekata!" akapiga kelele kwa furaha. "Mmeona? Hapo wamekata!"

Simu ilipoita hakumpa mwanawe nafasi ya kusema. "Nimekuona. Ulikuwa karibu kupumua."

"Nani kakufundisha, Mama?" Sebule nzima tulimsikia akicheka kwenye simu. "Utatunyima kazi."

Tangu siku hiyo majirani hawakutazama kwa amani. Mtu akichomwa kisu, shangazi anasema wamekata. Mtoto akizama mtoni, wamekata. Mama wa dukani alimlalamikia waziwazi.

"Mama, tuache tulie basi. Nimefunga duka nije nilie, wewe unanihesabia mikato."

Tulicheka, lakini nililichukua neno hilo nikarudi nalo chuoni, na mpaka leo nawaeleza wanaoanza fani hii. Watazamaji si wajinga. Mama wa dukani alijua vizuri kwamba hakuna aliyekufa. Mchana kutwa alisimama nyuma ya meza ya duka na mambo yake moyoni, na hakuna saa ya mchana iliyomruhusu kulia. Runinga ilimpa saa hiyo. Mtu akishazoea kupewa kilio chake na kioo, kukipata mahali pengine kunakuwa kugumu. Hilo nililijua kwa maneno tu wakati ule.

Masika yaliyofuata shangazi aliteleza jikoni akavunjika nyonga. Alipelekwa hospitali nje ya mkoa, akalazwa mguu umefungiwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Akiwa pale, mwanawe alifariki Dar es Salaam. Ni kifo ambacho hakuna mtu wa filamu angekitaka. Kidole tumbo kilipasuka, upasuaji ukachelewa, hakuamka.

Baba mdogo, mdogo wake shangazi, ndiye aliyesimamia msiba. Aliamua tuzike. "Hatuwezi kumweka maiti tukisubiri mguu upone," alisema. "Tutaweka mtu wa video. Ataona kila kitu."

Hakukuwa na ubaya katika uamuzi huo. Kwetu, ndugu aliyeshindwa kufika huletewa video, anaitazama, analia, anahesabiwa kuwa naye alizika. Tulizika Bonga, kwenye shamba la ukoo kando ya barabara ya Dodoma. Nilipita mbele ya jeneza kama wengine, nikamwona kwenye kile kidirisha cha kioo. Kovu lilikuwa pale juu ya jicho.

Shangazi aliambiwa baada ya mazishi. Mimi na baba mdogo ndio tuliokwenda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Simu yake anayo nani?"

Aliporuhusiwa tulimlaza sebuleni Bagara, tukaweka video. Vijana wa studio walikuwa wameitengeneza kwa heshima, kama wanavyotengeneza zote. Wimbo wa kwaya juu ya picha, njiwa weupe wanapaa, maua yanafunguka kwenye kona. Baba mdogo alikuwa amewaomba uso wa marehemu usikae sana, kwa kumhurumia dada yake. Basi uso ukatokea, ukakaa kidogo, ukayeyuka, na mahali pake ukaja uso wangu mimi nikilia.

"Hapo wamekata," akasema shangazi.

Hakuna aliyecheka. Aliomba turudishe nyuma. Tukarudisha. Uso, kisha mimi.

"Wamekata upesi," akasema.

"Shangazi, nilikuwepo," nikamwambia. "Nilimwona kwa macho yangu."

Alinitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. "Mwanangu, wewe ndiye unayejua kumpiga kofi mtu asiyepigwa."

Tulimpeleka Bonga kwa gari, tukambeba kwenye kiti mpaka kaburini. Alitazama tuta la udongo na msalaba wenye jina. "Udongo nimeuona," akasema. "Hata ile ya sumu ilikuwa na kaburi, na msalaba, na mchungaji."

Ningependa nieleweke vizuri hapa. Shangazi hakuwa amechanganyikiwa. Alipokea pole za watu, akawajibu asanteni. Sehemu yake moja ilijua kabisa. Lakini kila mara mwanawe alipokufa simu iliita baadaye, na sehemu nyingine ilikuwa bado inaisubiri simu hiyo. Hakulia. Alilala ameielekea simu iliyokuwa kando ya mto wake. Muuguzi aliyekuja kumfanyisha mazoezi alituambia asipoinuka sasa na kukanyaga hatainuka tena, na shangazi akawa anamjibu, "Nitainuka mwanangu akishapiga." Mguu ulikuwa unanyauka tunauona. Chakula alikigusa akakisukuma.

Siku moja mama wa dukani aliniita nyuma ya meza yake. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima na yeye alikuwa na sola.

"Shangazi yako anataka nimchajie simu," akasema. "Kila umeme ukikatika anatuma mtu ailete. Nami naichaji. Nifanyeje? Nikatae?" Akaifuta ile simu kwa kanga yake kama chombo cha mgonjwa.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mjini, kwenye studio iliyopiga video. Mpigapicha alikuwa kijana wa rika langu, anakula chipsi mbele ya kompyuta.

"Mambo?"

"Poa. Ule msiba wa Bonga, picha zenyewe bado unazo? Zile ambazo hujazikata?"

Alifuta vidole. "Harusi nafuta wiki hiyohiyo. Msiba sifuti, kaka. Naogopa."

Alitafuta, akapata. Wakati wa kutoa heshima za mwisho alikuwa ameiacha kamera ya pili kwenye miguu yake mitatu, upande wa kichwa cha jeneza, akaenda kupiga watu kwa ile nyingine. Ile ya pili iliendelea yenyewe tangu kifuniko kilipofunguliwa mpaka kilipofungwa. "Hiyo ni takataka," akanionya. "Mgongo wa mtu umeziba nusu, jenereta inanguruma." Nikamwambia hiyohiyo ndiyo ninayoitaka.

Baba mdogo alinikuta kwa shangazi na flashi yenye picha hizo mkononi. Alinivuta nje.

"Unataka kumuua dada yangu?"

"Nataka aone, baba mdogo."

"Aone nini? Si tumemwonyesha?"

"Tumemwonyesha filamu."

Alisimama anatazama mbaazi. Kisha akaingia ndani mwenyewe, akampandisha dada yake mito mgongoni.

Ilikuwa asubuhi. Nilifungua mapazia yote. "Shangazi, hii haijakatwa," nikamwambia. "Hakuna wimbo. Ukiona imekatwa mahali popote, niambie, nizime, nami sitakusumbua tena."

Picha ilikuwa mbaya kweli. Bega la koti jeusi lilificha kona yote ya kushoto. Jenereta ilinguruma. Mtoto alikohoa, mtu akamwambia nyamaza. Na katikati, nyuma ya kioo cha jeneza, uso wa mwanawe, na chini yake shingo, na mwanzo wa kifua ndani ya shati jeupe. Watu walipita. Nilijiona nikipita. Inzi alitua kwenye kioo akatembea juu ya lile kovu, na mkono wenye leso ukamfukuza, ukafuta kioo taratibu.

Shangazi alisogeza kichwa mbele. Aliweka kiganja kwenye kifua chake mwenyewe. Macho hayakutoka kwenye shati lile jeupe.

"Hawajakata," akasema, akiuliza.

"Hawajakata, shangazi."

Watu waliendelea kupita. Bega la koti liliondoka, likaja jingine.

Kisha nikaona anafanya kitu ambacho sikumfundisha. Alivuta pumzi, akaizuia. Alifunga mdomo kabisa, kiganja bado kifuani, akamtazama mwanawe. Nilielewa anashindana naye. Anampa nafasi. Mishipa ya shingo yake ilisimama. Baba mdogo aliinuka, nikamshika mkono. Midomo ya shangazi ilianza kutetemeka, macho yakajaa, na bado alizuia, alizuia kama mtu aliyeshika mlango, mpaka mwili wenyewe ukamkatalia, pumzi ikamtoka kwa kishindo.

Kwenye kioo hakuna kilichopanda.

Sauti iliyomtoka baada ya hapo sijawahi kuisikia kwenye filamu yoyote, na sidhani kama yupo mwigizaji anayeweza kuitoa. Mama wa dukani aliisikia kutoka ng'ambo ya barabara. Aliacha duka wazi, akaja bila viatu, akapanda kitandani akamshika, na wote wawili wakalia mchana wote.

Nilinyoosha mkono kuzima runinga.

"Usizime," akasema shangazi katikati ya kilio. "Usiikate. Iache mpaka wamfunike."

Nikaiacha mpaka kifuniko kilipofungwa. Kisha akaichukua simu kutoka kando ya mto, akanipa, akaniambia niizime hiyo.