Uso Ambao Sikuusogelea

Mama mmoja alishuka kwenye basi la Laela asubuhi, akauliza watu pale sokoni Sumbawanga mpaka akaipata studio yangu. Nilimkumbuka. Mwaka uliotangulia nilirekodi harusi ya binti yake, nikiwa bado mgeni wa kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba yao ametutoka mwezi uliopita. Nimekuja unitolee picha yake. Kwenye kitambulisho cha kura amenuna, na hakuwa mtu wa kununa. Siku ile ya harusi alicheka sana, nilimwona mwenyewe."

Nikafungua video kwenye kompyuta. Siku zile nilipenda picha za mbali kupita kiasi. Nilipanda juu ya trela la trekta nikachukua uwanja mzima: maturubai, shamba la mahindi yaliyokauka, vilima na mawingu yake. Aliyenifundisha kazi alishaniambia, "Picha ya mbali inaonyesha watu wako wapi. Ukitaka tujue wanajisikiaje, sogelea nyuso." Nilimwona mtu wa kizamani. Za karibu nilipiga maharusi, pete na keki, basi.

Mama akagusa kioo. "Huyu hapa, mwenye koti la kahawia. Msogeze karibu."

Nikamvuta. Kofia yake ikawa doa, mdomo ukawa vijisanduku vya rangi.

"Bado. Sogeza tena."

Kila nikimsogeza alizidi kupotea. Nikamweleza kwamba kompyuta haiwezi kuongeza kitu ambacho kamera haikukichukua.

"Lakini ulikuwepo," alisema. "Ulisimama palepale."

Nikarudia video yote, kipande kwa kipande. Mara moja tu alipita karibu na kamera, nami nilikuwa nimelenga keki; lililoingia ni bega lake.

Kwenye simu nina programu ya kutengeneza uso upya. Nikaijaribu. Akatokea mzee nadhifu, anacheka, meno yote yamo.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

Nikaifuta. Nikamchapishia ile ya mbali, akaikunja ndani ya khanga bila kuitazama. Nilimsindikiza hadi stendi. Tulikaa kwenye benchi kungoja basi. Hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu kama nimeshakula.