Sanduku Lililogoma Mlangoni

Mpaka leo nikisikia harufu ya mbao za mvule namkumbuka baba, namkumbuka kweli kweli. Alikuwa seremala pale Kaisho, na msumari kwake ulikuwa uvivu. Sanduku langu la harusi alilichonga kwa patasi, pembe zikang'atana meno kwa meno, kisha akalikaza kwa vigingi viwili vya mti. Aliliunganishia ndani ya nyumba yetu ya msonge, karibu na moto, maana masika ile mbao zilikataa kukauka. Kila jioni alilipaka samli. Mama akinung'unika kwamba samli ni ya kula.

Siku ya kuondoka kwangu wakwe walijaa uani, wametoka Nkwenda kwa miguu. Kwetu sanduku hutangulia, bibi harusi hufuata nyuma. Wanaume wakalibeba hadi mlangoni. Loo! Mlango wa msonge hata mtu huuingia kwa kuinama, sanduku halikupita. Wakaligeuza ubavu, wakalisimamisha, wapi! Wakwe wakaanza kucheka chini chini. Aibu ilinijaa, nami wakati ule nilikuwa na mdomo. Nikasema mbele ya watu wote, "Fundi gani huyu asiyepima mlango wake mwenyewe?"

Baba hakukasirika. Alilipangusa kwa kiganja, akasema, "Basi likae. Utakuja kulichukua, mwanangu."

Nikaenda na nguo zangu zimeviringishwa kwenye mkeka, na kwa hasira sikurudi. Kahawa ikavunwa, ikavunwa tena. Salamu za baba zilikuwa zile zile: sanduku lako lipo. Nami nikijibu: akishapanua mlango, aniite.

Niliitwa kumzika.

Baada ya matanga nikamwambia mama tuvunje mlango nilitoe. Mama alinitazama sana. Akachukua nyundo ya baba, akagonga kigingi kimoja, halafu cha pili. Sanduku likaachana, mbao zikalala chini moja moja. Hata mtoto angezitoa nje.

"Mama wee! Baba alijua?"

"Alilitengeneza mwenyewe, atakosaje kujua?"

"Sasa mbona siku ile alinyamaza?"

"Alitaka uwe na kitu cha kukurudisha nyumbani," mama akasema, akaketi.

Niliinama kuziokota zile mbao. Ziliniteleza mikononi. Baba alikuwa amezipaka samli wiki ile ile aliyofariki.